Hadithi Njoo! Lakini ni Hadithi Gani?

Mwezi huu tunaweka kando kidogo mambo ya lishe na chanjo, tuzungumze juu ya hadithi. Wengi wetu ni walimu wa shule ya Jumapili, na sote ni walimu nyumbani kwetu. Tunasimulia Sungura na Fisi, tunasimulia Daudi na Goliathi, tunasimulia Msamaria Mwema, na zote tunaziita hadithi. Ndipo mtoto anapouliza, "Mama, hiyo ni kweli?" Swali hilo si dogo. Tukilijibu ovyo leo, kesho hatajua aamini lipi tunapomweleza habari za Mwokozi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Kabla ya kuanza walisema, "Hadithi! Hadithi!" na watoto wakaitikia, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Wengine husema "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Mwito huo ni mapatano kati ya msimulizi, ambaye walimu wa fasihi humwita fanani, na wasikilizaji wake, yaani hadhira. Mtoto anajulishwa kwamba sasa tunaingia katika mambo ya kubuni. Hakuna anayedanganywa.

Basi tuzitazame aina chache, ili tujue la kumjibu.

Ngano ni hadithi ya kubuni iliyopokewa kutoka kwa wazee. Wahusika wake huweza kuwa watu, wanyama au mazimwi. Wako waumini wanaoziogopa ngano. Lakini Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu Unguja mwaka 1874, alizikusanya hadithi za Waswahili wa huko na kuzichapisha London mwaka 1870. Mtumishi huyo hakuona aibu kuziandika, nasi tusione aibu kuzisimulia.

Hurafa ni ngano ambayo wanyama au miti husema na kutenda kama watu: Sungura mjanja, Fisi mlafi. Hata Biblia inayo. Katika Waamuzi 9, Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akasimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ilikataa, mti wa miiba ukakubali. Hakuna aliyemuuliza kama miti husema. Walijua anamsema Abimeleki, aliyewaua ndugu zake apate kutawala.

Kisakale, ambacho wengine hukiita mighani, ni hadithi ya shujaa anayesadikiwa kuwa aliishi, kama Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya. Hapa tumjibu mtoto, "Watu husadiki kwamba aliishi, lakini wasimulizi wameongeza mengi."

Kisasili hueleza mambo yalivyoanza. Wazulu, kwa mfano, husimulia kwamba kifo kilikuja kwa sababu kinyonga alichelewa njiani na ujumbe wa uzima, mjusi akamtangulia na ujumbe wa kifo. Tumwambie mtoto, "Hivi ndivyo wazee wa kule walivyoeleza."

Kitendawili tunakijua sote. Samsoni naye aliwategea Wafilisti kitendawili katika karamu ya arusi yake, akawapa siku 7 za kukitegua. Habari hiyo iko Waamuzi 14.

Mfano ni kisa chenye sura ya maisha ya kila siku, kinachobeba fundisho ndani yake. Msamaria Mwema (Luka 10) na Mwana Mpotevu (Luka 15) ni mifano. Mtoto akiuliza Msamaria aliitwa nani, tusimbunie jina. Tumwambie kwamba Yesu alitoa mfano huo kumjibu mtu aliyeuliza jirani yake ni nani. Ukweli wake uko katika jibu hilo.

Ushuhuda ni habari ya jambo lililotokea kweli. Luka anaanza Injili yake kwa kusema kwamba habari zake zilitoka kwa walioona kwa macho yao. Kwa hiyo tunaposimulia kufufuka kwa Bwana, tusianze na "Hadithi njoo". Na tunaposimama kanisani kushuhudia kwamba tumepona, tusitie chumvi. Ngano hunoga kwa chumvi, bali ushuhuda huharibika.

Sasa tuseme neno moja kama wauguzi. Iko hadithi ambayo akina mama wengi huisimulia bila kujua kuwa ni hadithi: "Ukilia, nesi atakuchoma sindano!" Hapo nesi amefanywa zimwi, na mtoto hakupewa mwito wa kumjulisha kwamba ni mambo ya kubuni. Zimwi la ngano hubaki katika ngano. Hili la pili mtoto hulikuta kliniki limevaa sare. Hulia kabla hajaguswa, hukataa kufungua kinywa atazamwe koo, na akikua huficha maumivu asije akapelekwa hospitali. Ugonjwa ambao ungetibiwa mapema unachelewa. Tumwambie kweli: "Sindano itauma kidogo, halafu itakwisha, na mama nipo." Mtoto aliyeambiwa kweli mara ya kwanza atatuamini mara ya pili.

Jambo la mwisho ni namna ya kusimulia. Tumtazame nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Wahusika wake ni wachache: tajiri, maskini na mgeni. Mandhari, yaani mahali pa kisa, ni mji mmoja tu. Mgogoro unaanza tajiri anapomnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee ili amwandalie mgeni. Dhamira, yaani lile wazo kuu, Nathani hakuitaja mwanzoni. Alimwacha Daudi asikilize, akasirike, atoe hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Hakumwacha aende akidhani ilikuwa kesi ya watu wengine.

Sisi mara nyingi tunatanguliza funzo, "Leo nitawafundisha kwamba uchoyo ni mbaya," na watoto wanaanza kusinzia. Tuwaache kwanza wamwonee huruma yule maskini. Kisha tuwaulize, "Ninyi mngefanyaje?"

Jioni moja juma hili, mama mwenzetu, zima televisheni, waite watoto, uanze na mwito wa wazee. Ukimaliza, mpe mmoja wao zamu naye asimulie, kisha umuulize kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni ngano au ni kweli?" Utashangaa jinsi atakavyokujibu.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.