Anayewafundisha Mafundi wa Majokofu Naye Afundishwe

Joto la Bonde la Kilombero si jambo la kusimuliwa kwa mwenyeji wa Ifakara. Katika bonde hilo, lililo kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, baridi haitoki mbinguni bali hutengenezwa kwa mashine. Chanjo ya mtoto mchanga, ambayo aghalabu hutakiwa ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, damu inayomsubiri mgonjwa hospitalini, sampuli zinazochunguzwa na wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, nyama iliyo buchani na samaki wa Mto Kilombero wasiokaushwa kwa moshi, vyote hivyo huishi kwa hisani ya jokofu. Jokofu nalo huishi kwa hisani ya fundi. Kwa hiyo swali la nani anamfundisha fundi huyo, na anamfundisha nini, ni swali la maisha ya wananchi.

Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mitambo ya Kihansi ikafuata mwaka 2000. Kadiri umeme unavyozidi kusambaa kutoka mijini kwenda vijijini, ndivyo majokofu na viyoyozi vinavyoongezeka, na ndivyo mafundi wa kuvitengeneza wanavyohitajiwa. Wengi wa mafundi hao hawakupita katika chuo chochote. Walijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, naye alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia. Bidii yao yastahili sifa. Lakini pamoja na ujuzi, hurithishana pia makosa.

Kosa kubwa kuliko yote ni lile linaloitwa kwa kawaida "kuongeza gesi". Yafaa ieleweke wazi kwamba jokofu halili gesi kama gari linavyokula petroli. Gesi ya kupozea huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa. Hushindiliwa na kompresa, hutoa joto na kuwa kimiminika, kisha hugeuka tena kuwa gesi na kunyonya joto lililo ndani ya jokofu. Gesi ile ile yaweza kufanya kazi miaka mingi. Ikipungua, maana yake pana tundu. Fundi anayefungulia gesi ya zamani ipotee hewani, akajaza mpya bila kulitafuta tundu, amemuuzia mteja wake gesi itakayovuja tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii, asiyeziba tundu hununua mtungi baada ya mtungi. Na kwa kuwa gesi hizo hazitengenezwi nchini bali huagizwa kutoka nje, kila mtungi unaomwagwa hewani ni fedha za kigeni zilizomwagwa.

Hasara ya fedha ni sehemu moja tu. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, walionyesha kwamba gesi za jamii ya R-12, zilizotumika wakati huo katika majokofu ya dunia nzima, hupanda hadi anga za juu na kutoa klorini inayoharibu tabaka la ozoni. Chembe moja ya klorini yaweza kuharibu chembe za ozoni zipatazo 100,000. Tabaka hilo ndilo linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua isababishayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na inayodhuru mimea. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni iliyo juu ya Ncha ya Kusini ilikuwa imepungua vibaya kila majira ya kuchipua. Tarehe 16 Septemba, 1987 mataifa yakatia sahihi Itifaki ya Montreal. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993.

Ahadi zilizomo katika Itifaki hiyo zina tarehe. R-12 na jamaa zake zilitakiwa zikomeshwe katika nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2010. Gesi ya R-22, ambayo imetumika sana katika viyoyozi na vyumba vya baridi, ilipewa muda mrefu zaidi kwa kuwa madhara yake kwa ozoni ni madogo kuliko ya R-12. Hata hivyo tangu mwaka 2025 matumizi ya gesi za kundi lake katika nchi zinazoendelea yanatakiwa yawe yamepungua kwa asilimia 67.5, na mwaka 2030 yakome, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine zilizopo. Gesi zilizochukua nafasi zao, kama R-134a, haziharibu ozoni, bali huongeza joto la dunia. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza nazo.

Wapo watakaouliza: Je, fundi wa Ifakara anahusika vipi na tundu lililo juu ya Ncha ya Kusini? Viwanda vilivyotengeneza gesi hizo si vyake, na majumba makubwa yaliyopozwa kwa gesi hizo miaka mingi hayakuwa Kilombero. Hoja hiyo ina ukweli. Ndiyo maana Itifaki yenyewe iliwapa nchi maskini muda zaidi, na mwaka 1990 huko London ukakubaliwa Mfuko wa kuzisaidia, ambao nchi tajiri ndizo zinazouchangia. Lakini muda huo unakwisha. R-22 inapoadimika bei yake hupanda, na atakayelipa ni hospitali, mwenye duka la samaki na mwenye hoteli ya kulala wageni. Tena kilo moja ya R-22 ikiachiwa hewani huongeza joto sawa na zaidi ya tani moja na nusu ya hewa ya kaboni. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, anayeishi kati ya mafuriko na ukame, hana sababu ya kulichukulia jambo hilo kuwa la wengine.

Hapa ndipo umuhimu wa mwalimu unapoonekana. Kumfundisha fundi mmoja ni kumrekebisha mtu mmoja. Kumfundisha mwalimu wa mafundi ni kurekebisha darasa zima, mwaka huu na miaka ijayo. Kadhalika mwalimu anayefungulia gesi hewani mbele ya wanafunzi wake huwafundisha wote kufanya hivyo, hata kama ubaoni ameandika maneno mazuri kuhusu mazingira. Mkoa wa Morogoro, ambao Ifakara ni sehemu yake, una bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kilicho chini ya VETA. Haifai maarifa hayo yakaishia Morogoro mjini, huku bonde lililo zaidi ya kilometa 200 kutoka hapo likibaki na desturi za zamani.

Mwalimu huyo afundishwe nini? Kwanza, kukusanya gesi ya zamani katika mtungi kwa mashine maalumu badala ya kuiachia. Pili, kutafuta tundu kwa naitrojeni na povu la sabuni, kisha kuliziba kwa kulehemu. Tatu, kuondoa hewa na unyevu wote katika mabomba kwa pampu kabla ya kujaza. Nne, kupima gesi kwa mizani, si kwa kukisia kwa kugusa bomba. Tano, na hili ni la hatari, kuzifahamu gesi mpya zinazowaka moto. R-600a na R-290 ni za jamii moja na gesi ya kupikia. Hazidhuru ozoni na huongeza joto la dunia kidogo sana, lakini zikiingizwa katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake, au zikivuja karibu na cheche, zaweza kuua. Fundi asiyefundishwa akizitumia kwa kuwa tu ni rahisi kupatikana, atageuza dawa kuwa sumu.

Hata hivyo mafunzo hayo yatakuwa bure iwapo mwalimu atarudi na cheti mkononi, akaikuta karakana yenye jokofu bovu moja na chaki. Kukusanya gesi hakufundishwi kwa mdomo. Miaka mingi imepita tangu Mwalimu Nyerere alipoandika, mwaka 1967, juu ya Elimu ya Kujitegemea, na shabaha ya kuunganisha masomo na kazi ingali sahihi. Kila karakana inayofundisha somo hili yapaswa kuwa na mashine ya kukusanyia gesi, pampu, mizani na mitungi, na vifaa hivyo vitumiwe na wanafunzi, wala visifungiwe kabatini kwa hofu ya kuharibika.

Yapasa pia wakumbukwe mafundi wa mitaani. Wao ndio wanaoitwa usiku jokofu la buchani linapozimika, na wao ndio wenye kushika bomba la gesi mara nyingi kuliko mhitimu yeyote. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ifakara kipo karibu nao. Walimu waliokwisha kufundishwa waweza kupelekwa hapo kwa kozi fupi za jioni au mwisho wa juma, ili fundi asipoteze riziki yake. VETA inao utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo na uwafikie. Fundi akichekwa kwa kukosa cheti atajificha. Akiheshimiwa na kuongezewa ujuzi atakuwa mlinzi wa sheria katika mtaa wake.

Mwisho, wenye mashine nao wana wajibu. Hospitali, viwanda, hoteli na ofisi za Serikali zinapotafuta fundi, zisitazame bei peke yake. Zimuulize gesi ya zamani ataiweka wapi, na tundu amelitafuta vipi. Swali hilo likiulizwa kila mara, fundi mzembe atakosa kazi na fundi hodari atapata.

Sheria zimetungwa, mikataba imetiwa sahihi na tarehe zimewekwa. Kinachobaki ni kazi ya mikono, na mikono hufuata ilivyofundishwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Basi wakufunzi wafundishwe sasa, wapewe vifaa, na wafikishwe hadi Ifakara, ili mwaka 2030 ukifika umkute fundi wa Kilombero yu tayari, na jokofu la chanjo likiendelea kufanya kazi.