Mdudu wa maharage asiyejulikana jina hutugharimu mara mbili

KWA muda mrefu sasa wakulima wa maharage wilayani Rungwe wamekuwa wakiingia katika maduka ya pembejeo ya Tukuyu, Kiwira na Ushirika na kuomba kitu kimoja tu: dawa ya wadudu. Muuzaji haulizi ni mdudu gani. Mkulima naye hamtaji, kwani hata akimtaja, jina alilonalo ni la kijijini kwake, na ng'ambo ya mto jina hilo hilo ni la mdudu mwingine. Chupa inashuka kutoka rafuni, fedha zinaingia kwenye droo, biashara imekwisha.

Sisi tunaona kwamba hasara huanzia hapo hapo kaunta. Majina na makundi ya wadudu yanachukuliwa kuwa kazi ya wasomi wenye hadubini, lakini kwa mtu anayelima maharage au kuyanunua na kuyaweka ghalani, hilo ni suala la gharama na mapato.

Chukua kundi moja, mbawakawa wa majani. Wengi huwaita mende, na Kiswahili chetu hapa hakitusaidii sana, maana mende ni huyo huyo wa jikoni ambaye hana undugu nao wowote. Familia ya mbawakawa wa majani ina zaidi ya spishi 35,000 duniani, na katika shamba la maharage inayotuhusu zaidi ni jenasi iitwayo Ootheca. Ni wadudu wadogo, wenye migongo inayong'aa, wengine rangi ya chungwa, wengine kahawia, wengine weusi. Huonekana mvua zinapoanza na miche ikiwa na majani machache, na hutoboa matundu kati ya mishipa ya jani hadi linabaki kama chujio.

Spishi moja inayojulikana sana Tanzania, Ootheca bennigseni, ilipewa jina mwaka 1900 na Julius Weise, Mjerumani aliyebobea katika mbawakawa wa majani. Ilikuwa enzi ya ukoloni wa Kijerumani, na ni katika miaka hiyo hiyo Tukuyu ilipoitwa Neu Langenburg. Mji ulirudishiwa jina la wenyeji, lakini mdudu amebaki na la ukoo wa Bennigsen, kwa sababu sheria za kimataifa za kuwapa wanyama majina hulinda jina la kwanza lililotolewa kihalali. Spishi nyingine ni Ootheca mutabilis, neno la Kilatini lenye maana ya anayebadilika. Ya tatu ni Ootheca proteus, na Proteus katika hadithi za Wagiriki wa kale ni mungu aliyegeuza umbo lake kila alipotaka. Majina hayo mawili ni onyo tosha kwa anayetaka kuwatambua wadudu hawa kwa rangi. Mweusi na wa chungwa wanaweza kuwa spishi moja, na wawili wanaofanana kama mapacha wakawa spishi mbili. Mtaalamu hufikia uamuzi baada ya kutazama viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini.

Ndiyo maana mchanganyiko ulidumu. Ilipofika mwaka 2010, Kortenhaus na Wagner, watafiti wa Ujerumani, walichapisha kazi ya kuipitia upya jenasi nzima ya Ootheca barani Afrika. Walizieleza upya spishi za zamani, wakaongeza mpya na kutoa ufunguo wa kuzitambua. Mwaka 2012 walitenga jenasi nyingine, wakaiita Oothecoides. Utafiti uliochapishwa Uganda mwaka 2021 ulitumia elimu hiyo mashambani, ukakuta kwamba karibu wote waliokamatwa ni mutabilis na wachache sana ni proteus. Uganda sasa inajua inapambana na nani. Nasi tunastahili kujua hivyo hivyo kuhusu miteremko ya Mlima Rungwe, kwa jina na kwa mwinuko, kuanzia Isongole kwenye baridi hadi Masoko chini.

Mkulima atauliza jina hilo la Kilatini litamwongezea gunia gani. Jibu ni kwamba jina likishajulikana, maisha ya mdudu nayo yanajulikana. Ootheca jike hutaga mayai ardhini karibu na shina. Mabuu hula mizizi, hugeuka kuwa buu bwete humo humo udongoni, na mbawakawa kamili hulala chini akisubiri mvua za msimu unaofuata. Haji na mvua kutoka mbali, kama wengi wanavyoamini. Alikuwa shambani kwako kiangazi chote, chini ya nyayo zako, mahali ulipovuna maharage ya mwisho. Dawa inayopuliziwa juu ya majani huwaua waliotoka siku hiyo, na walio chini hutoka wiki inayofuata kukuta miche ikiwasubiri.

Majaribio ya Karel na Rweyemamu yaliyochapishwa mwaka 1984 yalionyesha kwamba hapa Tanzania bennigseni anaweza kupunguza mavuno ya maharage kwa asilimia 18 hadi 31. Kwa mtu ambaye angepata magunia 10, hayo ni karibu magunia mawili hadi matatu yaliyoliwa kabla ya ua la kwanza. Ukiongeza bei ya chupa mbili za dawa iliyopuliziwa bila mpango, faida ya msimu imekwisha.

Njia ya bei nafuu inatokana na tabia hiyo ya kulala ardhini. Kulima shamba mara baada ya kuvuna huwafukua na kuwaanika juani. Kuhamishia maharage mbali na shamba la msimu uliopita, na kuacha mahindi au viazi pale, huwafanya watoke wakose chakula. Tukiwa wakweli, hilo la pili ni gumu Rungwe. Mashamba yetu ni vipande vidogo vilivyobanana na migomba na chai, na mbawakawa akikosa maharage kwako anaruka mpaka na kuingia kwa jirani. Kubadilisha mazao kunalipa pale tu majirani wanapokubaliana, na huo ni mjadala wa mkutano wa kijiji zaidi kuliko wa duka la dawa.

Gharama ya pili iko ghalani, na hapa upangaji wa makundi umeleta jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawajalisikia. Wadudu wanaobungua maharage, tunaowaita fukusi, kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa familia inayojitegemea. Siku hizi wanasayansi wamewaingiza ndani ya familia ya mbawakawa wa majani. Kwa hiyo anayetoboa jani shambani na anayetoboa punje ndani ya gunia ni ndugu wa ukoo mmoja. Fukusi wa mahindi, mwenye mdomo mrefu kama mkonga, si wa ukoo huo, na hawezi kuzaliana ndani ya maharage. Mfanyabiashara anayeogopa kupanga mahindi na maharage chumba kimoja eti wataambukizana anajinyima nafasi bure.

Wanaobungua maharage ni wawili hasa, Acanthoscelides na Zabrotes. Acanthoscelides hupenda maeneo ya baridi, na Zabrotes hustawi kwenye joto. Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kyela iko mita 500 hivi, mwendo usiofika hata nusu siku kwa lori. Mchuuzi anayenunua Kiwira na kuhifadhi Kyela anahamisha maharage yake kutoka himaya ya mdudu mmoja hadi ya mwingine, na pengine anambeba wa kwanza ndani ya gunia.

Tofauti yao iko kwenye kutaga. Zabrotes hugandisha yai juu ya punje, na buu hupenya moja kwa moja hapo hapo. Acanthoscelides huacha mayai yakiwa huru kati ya punje, na buu lake hutambaa, huchagua punje na kuchukua muda kutoboa huku likijiegemeza kwenye punje ya jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kuviringisha chombo cha maharage kila siku asubuhi na jioni hulivuruga buu hilo hadi idadi ya wadudu inaporomoka. Haihitaji dawa wala senti. Lakini kwa Zabrotes ujanja huo hauna mantiki, kwa sababu buu lake halitambai. Acanthoscelides pia huanza kutaga shambani kwenye maganda yaliyokauka, kwa hiyo anayechelewesha kuvuna anawakaribisha mwenyewe nyumbani. Vivyo hivyo kwenye mbegu: protini iitwayo arselini, iliyopatikana katika maharage ya mwituni ya Mexico, humzuia sana Zabrotes lakini humgusa kidogo tu Acanthoscelides. Ukiambiwa mbegu fulani haibunguliwi, uliza haibunguliwi na nani.

Tanzania ilishapata somo hili kwa machungu. Dumuzi alipoingia Tabora kutoka Amerika ya Kati, akajulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walimwita Scania kwa jinsi alivyosaga mahindi. Dawa ya unga iliyowatosha fukusi wa kawaida haikumtosha yeye, ikabidi ichanganywe na ya aina nyingine. Huko nyuma, kila aliyemdhania fukusi alinunua unga usiofaa.

Hata dawa za asili zina tatizo la jina. Utupa unaoota kandokando ya mashamba hutumiwa dhidi ya wadudu, lakini watafiti waliopima mimea ya wakulima wa Malawi walikuta kuwa karibu robo ilikuwa ya aina isiyo na ile sumu inayotafutwa. Mti ni ule ule machoni, kazi si ile ile.

Wapo watakaosema mifuko isiyopitisha hewa imemaliza ubishi, kwa kuwa inamkosesha pumzi kila mdudu awe na jina au asiwe nalo. Ni kweli, na kwa mfanyabiashara anayesubiri bei ipande tunaipendekeza bila kusita. Lakini mfuko hauzuii chochote shambani, na mama mwenye debe mbili za mbegu anaweza kuona kuviringisha ndoo ni nafuu kuliko kununua mfuko.

Tunachoomba si kikubwa. TARI Uyole wanayo elimu ya maharage, na TPHPA ndiyo inayosajili viuatilifu na kusimamia wauzaji wake. Halmashauri za Rungwe na Busokelo ziwaombe watu hao watengeneze visanduku vya vioo vyenye wadudu waliobanikwa kwa pini: Ootheca wa rangi zote, Acanthoscelides, Zabrotes, fukusi wa mahindi na dumuzi, kila mmoja na jina lake la kitaalamu, majina ya Kinyakyusa yanayotumika kila kata, na mstari mmoja unaosema anataga wapi. Kimoja kikae kwa ofisa ugani wa kata, kingine juu ya kaunta ya kila duka la pembejeo lenye kibali. Mkulima aje na mdudu wake kwenye kichupa au kibiriti, amlinganishe, ndipo azungumzie bei. Kazi hiyo ianze kiangazi, mvua za Novemba zisije zikatukuta tena tukiomba dawa ya wadudu.