Acheni Vivunjike

Ukitaka kujua kama msaada wa vifaa vya sayansi umefanya kazi, usihesabu vilivyopokelewa. Hesabu vilivyovunjika. Shule iliyopewa bika ishirini miaka mitatu iliyopita, na leo zote ishirini zinang'aa kabatini, haistahili makofi. Hakuna mtoto aliyezishika.

Nasema haya nikiifikiria Kilosa, wilaya ambayo maswali ya sayansi yanapita mbele ya nyumba za watu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu Reli ya Kati na kuacha maelfu bila makazi. Leo treni ya SGR inapenya mahandaki kwenye milima ya wilaya hiyohiyo. Kule Mikumi, malori ya Zambia yanakatiza hifadhi ya taifa. Mtoto wa kidato cha kwanza anayeuliza maji yalipata wapi nguvu ya kung'oa reli ameuliza swali la fizikia. Jibu analopewa mara nyingi ni: andikeni notisi.

Mwaka 2014 wazazi wetu walichangishwa ili kutimiza agizo la Rais Kikwete: kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Majengo yakasimama nchi nzima, mengi yakiwa matupu. Vifaa vilipokuja, vya serikali na vya wafadhili, vikakutana na kufuli.

Simlaumu mwalimu. Kifaa kikishaandikwa kwenye leja, yeye ndiye anayekijibia. Ana wanafunzi sitini, hana fundi wa maabara, na kioo kikipasuka ataulizwa nani alipe. Kufunga kabati ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Katika shule niliyosoma, hadubini ya msaada ilitoka kabatini mara mbili: siku ya kukabidhiwa na siku mkaguzi alipokuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wapo watakaosema sayansi haihitaji msaada, tutumie mazingira. Nusu yake ni kweli. Funga jiwe kwenye uzi wa sentimita 25, liache libembee, upime kwa saa: kwenda na kurudi ni kama sekunde 1. Waulize wanafunzi uzi uwe mrefu kiasi gani ili zifike sekunde 2. Wengi watasema 50. Wajaribu wenyewe, wagundue ni 100. Somo hilo halihitaji mfadhili. Lakini jiwe halitamwonyesha mtoto seli za ganda la kitunguu, wala uzi hautapima mkondo wa umeme. Na ninaona wanaohubiri mazingira huwapeleka watoto wao kwenye shule zenye maabara.

Kwa hiyo tudai vitu viwili. Mfadhili akileta vifaa, alete na fungu la kuvunjika: bika za akiba, spiriti, kemikali za mwaka wa pili na posho ya fundi wa maabara. Akirudi baada ya mwaka, asiombe kupiga picha. Aombe orodha ya vilivyovunjika, na ikiwa tupu, aulize kwa nini. Mkuu wa shule naye atangaze mbele ya wazazi kwamba kifaa kilichovunjika katikati ya kipindi, mwalimu akiwepo, kinafutwa kwenye leja na hakuna mzazi atakayedaiwa.

Sitetei uzembe. Asidi inaunguza na glasi inakata, na kanuni zake mtoto hazijui mpaka azishike chini ya macho ya mwalimu. Asiposhika kidato cha kwanza, atashika mara ya kwanza kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, mikono ikitetemeka, saa ya msimamizi ikihesabu. Bika ni rahisi kununua tena kuliko miaka hiyo minne.