Tausi wa Mabega Meusi

Msomaji, huenda umepata kusikia maneno haya sokoni Iguhu: "Mtoto yule hafanani na baba yake, mama yake ajua alikomtoa." Husemwa kwa kicheko, hasa azaliwapo mtoto mwenye ualbino. Nami nasema kwamba huo ni ujinga uliovaa joho la hekima, na shahidi wangu ni ndege.

Hapa kwetu twafuga kuku, si tausi. Asili ya tausi ni Bara Hindi. Dume wa kawaida ana milia myeusi mabegani, juu ya rangi ya udongo. Lakini mara chache, miongoni mwa wafugwao, hutokea dume mwenye mabega meusi yang'aayo. Mwaka 1860 mtaalamu Sclater wa Uingereza alimhesabu kuwa ndege wa aina nyingine, akampa jina lake. Charles Darwin alikataa. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 alieleza jinsi ndege hao walivyozuka ghafula katika makundi ya tausi wa kawaida watupu. Hakuna mgeni aliyekuwa ameingia bandani.

Leo sababu yajulikana. Mzazi aweza kubeba urithi asiouonyesha. Wawili waubebao wakikutana, kila kifaranga ana nafasi 1 katika 4 ya kuupokea kwa baba na kwa mama pia. Hapo ndipo hudhihirika. Tena tazama ajabu: urithi ule ule umtiao dume weusi humpa jike rangi hafifu kama ya maziwa!

Ualbino ulio wa kawaida Afrika Mashariki hurithiwa kwa kanuni hiyo hiyo. Baba hubeba, mama hubeba, wala hakuna aonaye. Basi mume amfukuzaye mkewe kwa sababu ya rangi ya mtoto amfukuza asiye na hatia, hali yeye mwenyewe ndiye aliyetoa nusu ya urithi ule.

Utanijibu kwamba binadamu si ndege. Ni kweli; ndege hana ulimi wa kusingizia.

Kwa hiyo usikiapo tena kicheko kile, usinyamaze. Wasiojua wana udhuru wao. Wewe umekwisha kusoma, na ajuaye akanyamaza ameshiriki katika dhuluma.