Chai ya Jua na Swali la Mtoto

Nilipokwenda kuwakagua walimu-wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Nyantakara, wilayani Biharamulo, nilikuta chupa kubwa ya kioo imeanikwa juani nyuma ya jengo la darasa. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyokwisha kugeuka rangi, na majani ya chai yakielea juu. Mwalimu-mwanafunzi aliyeiweka pale alinieleza kwa furaha kwamba alikuwa amesoma habari za desturi ya Wamarekani. Wakati wa kiangazi hutia majani ya chai katika maji baridi, huianika chupa kwa saa tatu au nne, kisha huinywa chai ile pamoja na barafu. Aliona kwamba hilo lafaa kufundishiwa: kuni hazitumiki, moshi haupo, na mabinti hawatumwi porini kutafuta kuni. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Nilimwambia kwamba chai ile si salama, na kwamba asiwape watoto. Kengele ikalia, tukaingia darasani.

Mwalimu huyo aliwaambia wanafunzi wa darasa la tano kwamba chai ingemwagwa. Mtoto mmoja akasimama, akauliza: “Mwalimu, juma lililopita ulitufundisha kwamba maji yakiwekwa juani ndani ya chupa, vijidudu hufa. Mbona ndani ya chai visife?” Akajibiwa: “Kaa chini. Maji huchemshwa, basi.” Mtoto akakaa chini. Nami nilikuwa nimeketi nyuma na fomu yangu ya ukaguzi, nikaona haya, maana mwalimu yule alikuwa amelipitisha kwa mtoto neno lile lile nililompa mimi, nalo lilikuwa amri isiyo na sababu.

Rai yangu ni kwamba swali lile lilikuwa na thamani kuliko somo zima la siku ile, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi asiyeweza kulijibu bado hajawa tayari kufundisha usafi wa maji. Basi na tulijibu.

Ni kweli kwamba jua husafisha maji. Katika mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa miongoni mwa watoto wa Kimasai wa Kajiado, nchini Kenya. Watoto wote walipewa chupa za plastiki angavu za kuwekea maji yao ya kunywa. Baadhi waliambiwa waziweke juu ya paa tangu asubuhi, wengine waziweke ndani ya nyumba. Wale wa paani waliugua kuhara kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Njia hii imeenea katika nchi nyingi, na masharti yake yajulikana: chupa iwe angavu, isiyo na rangi, isizidi lita mbili, ilazwe juani kwa muda wa saa sita, tuseme kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mbingu zikiwa na mawingu mengi, ikae siku mbili. Maji yenye tope yachujwe kwanza. Kipimo chake ni rahisi: simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, utazame kutoka mdomoni, ikiwa huwezi kuzisoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji hayo bado ni machafu mno kwa kazi hiyo.

Lakini ni kitu gani cha jua kinachoviua vijidudu? Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kwa kuwa tunadhani ni joto peke yake. Kazi kubwa hufanywa na mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, nayo hupenya katika maji meupe na kuvidhuru vijidudu. Joto huisaidia. Sasa watie majani ya chai. Maji yanakuwa ya kahawia, na rangi ile ile tunayoifurahia kikombeni huizuia mionzi isipite, kama pazia linavyozuia mwanga dirishani. Silaha ya kwanza ya jua imekwisha kunyang'anywa.

Limebaki joto. Katika chupa ya chai iliyoanikwa, joto kwa kawaida halizidi nyuzi 54 za Sentigredi hata mahali penye jua kali. Ili joto peke yake liyasafishe maji, hayana budi kufika nyuzi 65 hivi na kukaa hapo kwa muda. Maji ya uvuguvugu hayaui kitu. Tena kwa muda mrefu wa kungoja, chupa hupitia joto lile ambalo vijidudu hustawi na kuzaana ndani yake. Na vijidudu vyenyewe havitoki majini tu. Chai hukaushwa kwa joto kiwandani, lakini baada ya hapo hupita katika magunia, mizani, viganja na rafu za duka kabla ya kufika nyumbani. Kwa hiyo hata yule atakayesafisha maji kwa jua kwanza, kisha akaloweka majani katika maji hayo baridi, atakuwa ameuingiza uchafu kwa mlango wa nyuma. Wakati mwingine chai ya jua huwa nzito na yenye nyuzinyuzi zinazovutika kama ute. Hiyo imwagwe mara moja. Lakini mtoto asifundishwe kwamba isiyo na nyuzinyuzi ni salama, kwani viletavyo kuhara na homa ya matumbo havionekani wala havina ladha.

Anayetaka chai baridi nyumbani hakatazwi. Na achemshe maji mpaka yatibuke kwa nguvu, ayamimine juu ya majani katika birika safi, afunike, angoje dakika tano, kisha achuje majani yote. Chai ipoe ikiwa imefunikwa. Penye jokofu iwekwe humo; pasipo na jokofu ipikwe kidogo, inywewe siku ile ile, na kinachobaki jioni kimwagwe. Ukitia maziwa, muda huo ufupishe zaidi. Barafu nayo ni maji: iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa itairudishia chai yale yote uliyoyaondoa kwa moto, maana baridi huvilaza vijidudu bila kuviua. Hili litazameni hasa shuleni, mahali watoto wanaponunua barafu za vifuko wakati wa mapumziko.

Itasemwa kwamba nimemrudisha binti porini kutafuta kuni. Hoja hiyo ni ya haki, wala sipendi kuikwepa. Ila sehemu ya kuni zetu huteketea kwa sababu ya mafundisho yetu wenyewe. Bado wapo walimu wanaofundisha kwamba maji yachemke dakika kumi, na wengine ishirini. Hakuna haja. Yakichemka kwa nguvu dakika moja yatosha. Nyanda za Biharamulo ziko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini hata nyuzi 95 ni zaidi ya zile zinazohitajika. Sufuria yenye kifuniko na moto unaozimwa kwa wakati vitapunguza kuni pasipo kuhatarisha tumbo la mtu. Na maji meupe ya kunywa, yasiyotiwa chochote, yaachiwe jua.

Wazee wetu katika ualimu wanaikumbuka kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili nchini kwa njia ya redio na vikundi vya kujifunza. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini mwao. Mimi naona nguvu yake ilikuwa pale katikati, kwenye kujadili. Darasa letu mara nyingi husikiliza na kunakili tu, nalo likifika nyumbani na kukuta mazoea mengine, huyaacha yaliyonakiliwa ndani ya daftari.

Jioni ile niliketi na yule mwalimu-mwanafunzi, tukatafuta namna ya kulirudisha swali mbele ya darasa. Shule haikuwa na kipimajoto. Lakini Biharamulo ni nchi ya nyuki, na nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi 62 hadi 64. Kesho yake asubuhi chupa mbili zilianikwa bega kwa bega, moja ya maji matupu, moja yenye majani ya chai, na katika kila moja kilielea kipande cha nta chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Watoto waliambiwa mapema kwamba hakuna atakayekunywa. Kila kipindi kilipokwisha, wawili walitumwa kwenda kutazama. Saa nane mchana chupa ilikuwa ya moto mkononi, lakini vipande vyote viwili vilikuwa vigumu kama vilivyowekwa.

Mwalimu aliuliza kile ambacho nta imetuambia. Walijibu kwamba joto halikufika. Akauliza tena: je, kama ingeyeyuka, chai ingekuwa salama? Hapo walibishana, na mabishano yakawa mazuri, kwa sababu nta huyeyuka kabla kidogo ya kiwango kinachotakiwa, na kuyeyuka kwake kusingethibitisha kitu. Kisha akaweka kitabu nyuma ya kila chupa, akawaita wasome kupitia maji, halafu kupitia chai.

Mtoto yule wa siku ya kwanza ndiye aliyesoma. Alipomaliza hakurudi mahali pake. Aliuliza kama chupa ikiwekwa ndani ya sanduku lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo, nta ingeyeyuka. Mwalimu alisema hajui, na kwamba fundi seremala wa pale kijijini huenda akawa na mbao za kuwapa.