"Ni Ngumu Kuliko Chuma" Sio Jibu

Kila nikiweka video ya baiskeli ama helmeti ya nyuzi za kaboni, lazima msee mmoja aandike: "Buda, hiyo ni ngumu kuliko chuma." Sawa. Ukiivuta kwa urefu wa nyuzi, kilo kwa kilo, inashinda chuma. Lakini hiyo kitu ni tabaka juu ya tabaka, na katikati ni gundi tu. Chukua chapati. Kuivuta ikatike ni kazi, kuichambua tabaka moja moja ni vidole viwili. Sasa wewe ulipima wapi?

Kipimo kipo, na si siri. Unachukua kipande chembamba, upana kama milimita 25. Wakati wa kukiunda, uliacha karatasi nyembamba ya teflon katikati ya tabaka, upande mmoja, ili ufa upate pa kuanzia. Unabandika bawaba mbili, mashine inafungua mdogo mdogo, na wewe unasoma ufa umefika milimita ngapi. Jibu ni nishati ya kufungua mita mraba moja ya ufa. Kaboni na epoksi ya kawaida: jouli mia chache tu. Ndio hiyo "ngumu kuliko chuma" yenu.

Na hapa ndipo watu huchezwa. Ufa ukisonga, nyuzi zingine hubaki zimevuka kama daraja, zinaushikilia, namba inapanda. Muuzaji anakuonyesha hiyo ya juu. Mimi nataka ya mwanzo, ufa ukianza tu, maana hayo madaraja kwenye kitu halisi huwezi kuyategemea.

Mnakumbuka Titan? 18 Juni 2023, watu watano, wakishuka kwa Titanic, karibu mita 3,800 chini. Mwili wake ulikuwa bomba la kaboni. David Lochridge alilalamika kuhusu bomba la kwanza, akataka likaguliwe ndani. 2018 akafutwa kazi. Wakaunda la pili. Julai 2022 likatoa mlio mkubwa, na bado wakaendelea kushuka nalo. Wachunguzi wa Marekani baadaye walisema tabaka zilikuwa zimeachana.

Sisemi bawaba mbili zingewaokoa. Kule chini bahari inakandamiza, haivuti. Nasema swali la tabaka liliulizwa na aliyeuliza akaonyeshwa mlango.

Kwa hivyo wewe unayenitumia helmeti za "kaboni" nikutangazie: bei weka kando. Nitumie namba ya ufa ulipoanza, na mlipima vipande vingapi.