Maji Kung'aa Si Kuwa Salama

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu nilikuwa nyumbani Pemba. Sikwenda kikazi, nilikwenda harusini Wete. Lakini mwandishi hana likizo, na habari ya leo nimeipata nikiwa barazani nakunywa kahawa na binamu yangu.

Binamu huyu ana miaka 22, kamaliza kidato cha nne, na anafanya kazi katika hoteli moja ya watalii. Jina la hoteli naliweka mfukoni. Kazi yake ni kutunza bwawa la kuogelea na jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto yanayotoa mapovu, ambamo wageni hujilaza jioni wakitazama bahari. Nikamuuliza maji hayo wanayasafisha vipi.

"Tunatia dawa, kaka. Kopo moja asubuhi. Yakiwa na ukungu tunatia mawili."

"Na kipimo?"

"Kipimo macho tu. Zile karatasi za kupimia zilikwisha tangu Ramadhani."

Nikacheka. Kisha akanieleza jambo lililonikata kicheko. Siku moja alipitisha mkono ukutani mwa jakuzi akakuta utelezi, na maji yanatoa harufu kali. Akamwambia mkubwa wake walifunge, wamwage maji, wasugue. Akajibiwa: wageni wameshalipa, ongeza dawa, washa mapovu. Akaongeza. Siku mbili baadaye mgeni mmoja akalalamika vipele mwilini, akaambiwa ni mbu. Huenda ni mbu kweli. Lakini pale hotelini hapakuwa na mtu mwenye namna ya kujua, na hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Nimesoma kidogo tangu nirudi, nikagundua kuwa maji moto ni kazi ngumu kuliko bwawa la kawaida. Klorini hupungua haraka zaidi maji yakiwa na joto. Jua nalo huila. Watu wanne ndani ya beseni dogo huacha jasho, mafuta ya kujipaka na uchafu wa ngozi katika maji machache, na klorini inamalizika ikipambana na hayo kabla haijafika kwa vijidudu. Ile harufu kali tunayodhani ni harufu ya usafi mara nyingi ni ya klorini iliyokwisha nguvu baada ya kuungana na jasho. Mapovu nayo hupandisha pH, na pH ikipanda sana klorini inalegea hata kama umetia kopo zima. Na ule utelezi? Hayo ni makazi ya vijidudu, wamejijengea ukuta ambao dawa inapata taabu kuupenya. Ndiyo maana lazima usuguliwe.

Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri klorini isipungue miligramu 3 kwa kila lita ya maji ya jakuzi, pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40. Sasa niambieni, ni jicho la nani linaloweza kuona miligramu 3?

Kuna watakaosema vipele ni kitu kidogo. Sawa. Lakini mwaka 1999 katika mji wa Bovenkarspel, Uholanzi, palikuwa na maonyesho ya maua, na ndani yake jakuzi liliwekwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu. Watu walipita karibu wakavuta mvuke wake. Ndani ya maji yale mlikuwa na bakteria waitwao Legionella, ambao huleta homa kali ya mapafu. Watu wasiopungua 32 walikufa. Kuoga hawakuoga, walivuta pumzi tu.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mgeni anakaa ndani ya jakuzi dakika ishirini, kisha anarudi kwao. Binamu yangu anasimama pembeni ya mvuke ule kila siku. Kwa hiyo anayeniambia kwamba haya ni matatizo ya matajiri, na kwamba Pemba tuna visima vya kushughulikia kwanza, amekosea hesabu. Mapafu yaliyo karibu zaidi na jakuzi ni ya kijana wa Kipemba.

Na tabia ya kupima maji kwa macho sisi wenyewe tunaijua. Tukiwa chuoni tulifundishwa kwamba maji yakifika kulateni, yaani lita mia mbili na kitu kwa makadirio, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya tohara na sina ugomvi nayo. Lakini tohara ni ya ibada. Haijadai hata siku moja kuwa ni kipimo cha vijidudu. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi baada ya hapo, na mwaka 2009 watu wa Unguja na Pemba walipewa chanjo yake ya kunywa katika kampeni maalumu. Ugonjwa huo hauhitaji maji yabadilike rangi. Maji meupe kabisa yanaweza kuubeba.

Umeme nao una nafasi yake. Tangu mwaka 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na tumeshasahau habari za majenereta ya Wesha. Lakini umeme ukikatika, pampu inasimama, maji yanatuama yakiwa vuguvugu, na hapo bakteria ndipo wanaposherehekea. Baada ya kila katizo maji yapimwe upya kabla mtu hajaingia.

Watu wengi watasema suluhisho ni mafunzo. Mie nasema mafunzo pekee hayatoshi. Binamu yangu hakukosa akili. Utelezi aliuona, harufu aliisikia, na shauri alilotoa ndilo lililokuwa sahihi. Alichokosa ni mamlaka. Basi hoteli inayouza maji moto ifanye mambo matatu. Vipimo visikosekane. Namba ziandikwe kwenye daftari linalokaa pale pale, mgeni akitaka kusoma asome. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa: namba ikiwa mbaya, anayepima awe na haki ya kulifunga jakuzi bila kuomba ruhusa kwa mtu anayehesabu malipo. Wakaguzi wa afya wakifika hotelini, waombe kwanza lile daftari, ndipo watazame maji.

Kabla sijaondoka nilimnunulia binamu pakiti ya karatasi za kupimia. Akaishika, akaigeuza, akaniuliza: "Sasa kaka, ikionesha vibaya nimwambie nani?"

Sikuwa na jibu. Wewe msomaji unalo?